Utepe Usio na Jina

Juzi tulipokuwa tukipanga upya kabati la chumbani, binti yangu alivuta boksi lililokuwa chini kabisa, na kabla sijaona alichokishika nilisikia njuga. Sikuhitaji kugeuka, kwa sababu mlio ule naujua popote. Alizitandaza tepe juu ya zulia moja baada ya nyingine, kwa subira ya mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, akalitamka jina langu herufi kwa herufi, akausoma mwaka, 2015, kisha akanyanyua utepe mwingine wa upana uleule, akaugeuza pande zote mbili, akaniuliza: "Mama, huu mbona hauna jina?"

Nilimwambia nitamjibu baadaye, na hadi leo sijamjibu.

Kwa wasioijua Texas, kile alichokuwa amekishika ni pambo la kifuani ambalo wanafunzi wa sekondari za huku hulivaa siku ya Ijumaa ya sherehe ambayo kwa Kiswahili sina namna ya kuiita isipokuwa sherehe ya kurudi nyumbani. Wao hulifupisha jina la ua la krisanthemu, wakaliita mamu. Hapo zamani lilikuwa ua halisi ambalo kijana alimpa msichana aende nalo uwanjani. Siku hizi ni ua la kitambaa, kubwa kama sahani, lililobandikwa kwenye kadibodi, likiwa na mwanasesere wa dubu katikati na tepe nyingi zinazoshuka hadi magotini au hata miguuni, nyingine zimesukwa, nyingine zimening'inizwa njuga. Mengine huwa mazito kiasi kwamba pini haiyawezi, hivyo hufungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Tepe mbili pana ndizo hubeba majina: mmoja jina la msichana, wa pili jina la kijana aliyempa.

Sherehe yenyewe ilianzia vyuoni. Chuo Kikuu cha Baylor, kilichopo Waco, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu Fort Worth, kiliwaita wahitimu wake warudi mwaka 1909. Chuo Kikuu cha Missouri nacho kiliwaita wa kwake mwaka 1911, na kila kimoja husema ndicho kilichotangulia. Sekondari zikaupokea utamaduni huo. Kila msimu wa mpira wa Kimarekani, Septemba au Oktoba, waliosoma zamani hualikwa kuja kuitazama timu yao, wakati wa mapumziko malkia na mfalme wa wanafunzi huvishwa taji, na siku tano kabla ya mechi huitwa wiki ya hamasa.

Wiki yangu ya kwanza ya hamasa ilinikuta nikiwa darasa la 11, miezi tisa tangu tutoke Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu, Tanzania. Jumatatu wenzangu walikuja wamevaa nguo za kulalia, Jumanne walikuja wawili wawili kama mapacha, Jumatano walivaa kama watu wa miaka ya 1980. Mimi nilivaa nilivyovaa kila siku, na hakuna aliyenisema kwa hilo. Alhamisi, msichana niliyekuwa nikikaa naye katika somo la Kiingereza, ambaye mama yake alikuwa akitengeneza mamu nyumbani kwa ajili ya kuuza, aliniletea mfuko wa masalio: ua moja jeupe, tepe za buluu na za dhahabu, njuga sita, pakiti ya herufi za kubandika, na kile chombo cha gundi ya moto kinachoshikwa kama bastola. Aliniambia vingine nibaki navyo, ila chombo cha gundi na herufi zitakazosalia nimrudishie mama yake Jumatatu.

Jioni hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Baba alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, kwa kuwa alifanya zamu ya usiku, na wadogo zangu walikuwa wakioga. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Nilikuwa na barua kutoka shuleni iliyohitaji sahihi ya mzazi ili niruhusiwe kuhudhuria dansi ya Jumamosi, na kama ilivyokuwa kwa barua zote zilizoingia nyumba ile, za umeme, za kliniki na za kodi ya nyumba, kazi ya kuitafsiri ilikuwa yangu. Nilisimama mlangoni nikaisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kufikiri: "Mzazi mpendwa, wiki hii tunaadhimisha kurudi nyumbani."

Mwiko ulisimama. Mama alizima jiko, ugali ukiwa haujaiva, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani anarudi nyumbani?"

"Watu wote, mama. Ni wiki ya kurudi nyumbani."

Hakusema neno. Aliingia chumbani, nikasikia godoro likinyanyuliwa, akatoka ameshika ule mfuko wa plastiki wenye maandishi ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao kila familia ya wakimbizi iliyopandishwa ndege hukabidhiwa na kuambiwa isiuachilie hadi ifike iendako. Sisi tulikuwa tumefika tangu Januari, lakini mama hakuwa ameuachilia. Alifuta meza kwa upindo wa kitenge chake, akatoa karatasi zetu moja moja, akazipanga kwa mstari, ya baba kwanza, kisha yake, yangu, na za wadogo zangu kwa kufuatana kuzaliwa. Unga wa ugali ulikuwa bado umeganda kwenye vidole vyake, akawa anazishika karatasi kwa ncha za kucha ili asizichafue. "Soma hizi," alisema. "Zinasema tumepewa muda gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekitamka. Kambini, kurudi nyumbani lilikuwa neno la kipaza sauti na la ubao wa matangazo, na daima liliambatana na neno jingine, hiari. Mwishoni mwa mwaka 2012 kambi ya Mtabila, iliyokuwa wilaya ileile ya Kasulu, ilifungwa, na Warundi waliokuwa wameishi pale kwa miaka mingi wakapandishwa magari kurudi kwao. Mama alikuwa na rafiki kule, mshonaji mwenzake, waliyefahamiana kwa sababu ya uzi na vifungo. Hakuwahi kupata habari zake tena. Na sisi, ile Oktoba, hata kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, tulikuwa hatujaiomba, maana mkimbizi hutakiwa kutimiza mwaka mmoja kwanza.

Nilivuta kiti nikaketi karibu naye. "Mama, siyo sisi. Ni waliosoma pale zamani. Wanarudi kuitazama shule yao, wanakaa uwanjani, wanaangalia mpira."

"Kisha?"

"Kisha wanaondoka. Usiku uleule."

"Kwa hiari yao?"

"Kwa hiari yao."

Alizitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akazikusanya kwa mpangilio uleule, akazirudisha mfukoni, akawasha jiko na kuumalizia ugali, ambao ulitoka na mabuje na tukaula hivyo hivyo.

Ni baada ya kula ndipo alipouona mfuko wangu, akalitoa lile ua jeupe na kuniuliza ni nani aliyefariki. Sikumshangaa, kwa sababu ua la bandia lililozungushiwa utepe, sisi tulikuwa tumeliona makaburini tu. Nilimweleza. Aliuliza rangi za shule ni zipi, akauliza tepe husukwa kwa mtindo gani, nami nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza simu kando, akaanza kuzisuka kama anavyosuka nywele, ya buluu juu ya ya dhahabu, akivuta kila baada ya mikunjo mitatu ili usilegee, na mwisho wa kila msuko akafunga njuga na kuitikisa mara moja kuhakiki mlio wake. Mimi nilishika chombo cha gundi. Ilipotimu saa sita usiku tulikuwa tumebakiza tepe mbili pana. Kwenye wa kwanza nilibandika jina langu. Nilipomweleza kwamba wa pili huandikwa jina la aliyekupa, na kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyenitengenezea ningependa kuandika lake, alinichukulia ule utepe mkononi, akaupitisha vidoleni kutoka juu hadi chini kama mtu anayepima kitambaa, akasema, "Huu uache."

Niliuacha. Ijumaa nililivaa, na kutwa nzima korido zilikuwa zikilia njuga hata walimu wakalazimika kupaza sauti. Jioni nilikwenda uwanjani, malkia akavishwa taji, wazee wenye fulana za miaka yao ya kuhitimu wakaimba wimbo wa shule. Nani alishinda mechi, sikumbuki.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama nikamuuliza kwa nini aliuacha ule utepe mtupu. Alinyamaza kidogo, akasema herufi zilikuwa zimekwisha. Kisha akauliza kama mtoto amepona kikohozi, nasi tukaendelea na mengine. Lakini ile pakiti niliirudisha kwa mkono wangu Jumatatu iliyofuata, na nakumbuka vizuri kwamba nilipomkabidhi yule msichana alishangaa jinsi ilivyokuwa bado imejaa.