Anayeunganisha Trela Haongeleshwi

Katika kambi zinazopokea trela za kusafiria, yaani vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari, kuna adabu moja isiyoandikwa kwenye kibao chochote, nayo ni hii: mtu anayeunganisha trela yake na gari haongeleshwi mpaka amalize. Hasalimiwi, haulizwi anaelekea wapi, wala haagwi. Mgeni anaweza kudhani kwamba majirani waliokuwa wakicheka naye jana jioni leo wamemgeuzia kisogo, kumbe wanamlinda. Kazi ya kuunganisha trela ni mfululizo wa hatua ndogo ndogo ambazo hakuna hata moja iliyo ngumu, lakini hatua iliyorukwa haijitangazi, na mara nyingi mtu huiruka pale anapogeuka kumjibu mwenzake, kisha akarudi kazini akiamini kwamba ile pini alikwisha kuichomeka.

Naianza habari hii hapa kwa sababu naamini kwamba ujirani mwema miongoni mwetu wenye trela ni sehemu ya usalama wenyewe. Unahitaji ujuzi wa kujua wakati wa kunyamaza na wakati wa kusogea karibu.

Tuzitazame hatua zenyewe. Shingo ya trela hushushwa mpaka kikombe chake kilifunike tufe la chuma lililo nyuma ya gari, kisha komeo hufungwa na pini ya usalama huchomekwa. Usiridhike na kuona tu kwamba komeo limelala. Izungushe jeki ya mbele kana kwamba unataka kuinyanyua shingo tena. Ikiwa kikombe kimelikamata tufe barabara, sehemu ya nyuma ya gari itapanda kidogo pamoja na trela, na ikiwa hakijalikamata, kitachomoka hapo hapo mbele ya macho yako badala ya kuchomoka barabarani. Minyororo miwili ya usalama hupishanishwa chini ya shingo kwa umbo la msalaba, ili shingo ikianguka iangukie juu ya minyororo na isichimbe lami. Ule waya mwembamba unaowasha breki za trela endapo itakatika na gari hufungwa kwenye sehemu imara ya gari lenyewe, si kwenye minyororo, wala si kwenye chuma cha kuvutia kinachoweza kuchomoka, kwani hicho kikitoka kitaondoka na waya wake na breki hazitafanya kazi. Baada ya hapo huja plagi ya umeme, jeki hupandishwa hadi mwisho, na kabari za magurudumu huondolewa mwisho kabisa.

Ukimwona jirani amenyoosha mgongo na kufuta mikono, huo ndio wakati wako. Msogelee, muulize kama angependa mtu wa kumwangalizia taa, kisha simama nyuma ya trela yake wakati yeye anakanyaga breki na kuwasha indiketa moja baada ya nyingine. Izungukeni trela pamoja mara moja: ngazi imekunjwa, madirisha ya paa yamefungwa, mlango umekazwa. Jicho la pili huona kile ambacho jicho la kwanza limekizoea.

Jambo linalozua ubishi mwingi kambini ni uzito, na hapa nasema bila kuficha kwamba naiamini mizani kuliko maneno ya mmiliki yeyote, hata awe mkongwe wa namna gani. Kwa trela nyingi za mtindo wa Amerika Kaskazini, uzito unaolalia tufe la gari unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Trela iliyopakiwa ikafika kilo 2,000 huhitaji kilo 200 hadi 300 kwenye shingo. Karavani, kama trela hizi zinavyoitwa Ulaya, zimesanifiwa kwa uwiano mdogo zaidi, hivyo kila mtu afuate kitabu cha trela yake na kiwango cha gari lake. Kinachosahaulika ni kwamba watu walio ndani ya gari, mizigo yao, na uzito huo wa shingo ya trela vyote huhesabiwa katika mzigo ambao gari limeruhusiwa kubeba, na mara nyingi kiwango hicho ndicho hufikiwa kwanza, hata kama tangazo la gari linajivunia nguvu kubwa ya kuvuta.

Shingo ikiwa nyepesi mno, mkia wa trela huanza kuyumba. Ndiyo maana vitu vizito hupangwa mbele kidogo ya ekseli na chini sakafuni, na ndiyo maana inafaa kujua tangi la maji safi liko wapi: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 lililo nyuma ya ekseli ni mzigo wa kilo 150 unaoipunguzia shingo uzito. Trela ikianza kuyumba, usikanyage breki za gari kwa nguvu, usiongeze mwendo ukitumaini kuinyoosha, wala usipambane nayo kwa usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uwe umenyooka, na kama gari lako lina kidhibiti cha breki za trela, ziwashe breki hizo pekee kwa mkono mpaka trela itulie. Kisha simama mahali salama na uupange mzigo upya. Chuma cha kugawanya uzito na kifaa cha kuzuia kuyumba vinasaidia sana, ila haviwezi kuwa tiba ya trela iliyopakiwa vibaya.

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kuisha kashata zake, kwa sababu husimama muda mrefu juani yakiwa yamebeba mzigo. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Nati za gurudumu lililofungwa upya zikazwe tena kwa spana ya kupimia nguvu baada ya kilomita 80 hadi 160. Kila mnaposimama njiani, sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu na ulinganishe joto. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, kuna beringi inayolilia grisi au breki inayokwaruza, na safari haifai kuendelea kabla ya kujua ni ipi.

Sasa nije kwenye kurudi kinyumenyume, ambako urafiki hupimwa kuliko mahali pengine popote. Nimeona watu wawili wanaopendana wakizomeana giza linapoingia, mmoja usukani, mwingine amesimama nyuma ya trela akipunga mkono pasipoonekana kwenye kioo chochote, huku watu watano waliokuja kusaidia wakipaza sauti kila mmoja kwa maelekezo yake. Wasaidizi watano ni wengi kupita kiasi. Anatakiwa mmoja, na wengine wakitaka kusaidia wawazuie watoto na wasogeze viti. Huyo mmoja asimame upande wa dereva, nyuma ya trela na pembeni yake, mahali ambapo uso wake unaonekana kwenye kioo. Dereva akishindwa kuuona uso huo, anasimama papo hapo, bila kukisia. Maneno "kushoto" na "kulia" yaachwe, kwa kuwa wanaotazamana huyachanganya. Semeni "upande wa dereva" na "upande wa abiria," na mkubaliane kabla ya kuanza kwamba mkono unaonyesha mahali mkia wa trela unapotakiwa kwenda. Neno moja tu liruhusiwe kupigiwa kelele na mtu yeyote, nalo ni "simama."

Kwa dereva, njia rahisi ni kuushika usukani kwa chini: ukiusogeza mkono kuelekea upande wa dereva, mkia wa trela nao utaelekea huko. Sogeza kidogo, subiri trela iitikie, kisha rekebisha. Pembe kati ya gari na trela ikizidi kuwa kali, nenda mbele ujinyooshe na uanze tena. Madereva wazoefu hufanya hivyo mara kwa mara bila kuona haya. Ukiweza kuchagua, ingia kwa upande wa dereva, kwa maana huko utaiona trela kwa macho yako mwenyewe kupitia dirishani. Shuka utazame kabla ya kuanza, na utazame juu pia, kwani tawi la mti huchana paa kwa urahisi kuliko jiwe linavyochana ubavu.

Ukishafika mahali pako, weka pimamaji sakafuni na usawazishe kwanza upande kwa upande, kwa kupandisha magurudumu ya upande ulio chini juu ya mbao, wakati trela ingali imeshikana na gari. Kabari zifuate, pande zote mbili za gurudumu, na hapo tu ndipo utenganishe. Jeki ya mbele itamalizia usawa wa mbele na nyuma. Miguu ya pembeni ni ya kuzuia trela isitikisike, haikutengenezwa kuinyanyua.

Hata hivyo, adui mkubwa wa trela kuliko barabara zote ni maji yanayoingia kimya kimya. Trela nyingi zimejengwa kwa fremu ya mbao na plaiwudi nyembamba, na maji hupenya kwenye maungio ya paa, kingo za madirisha na matundu ya skrubu, yakaozesha mbao muda mrefu kabla doa halijaonekana ndani. Jirani mmoja mzee aliwahi kuniomba ruhusa ya kuitazama trela yangu kwa mikono yake, kama alivyosema. Hakuangalia mapambo wala jiko. Alifungua kabati la mbele juu ya kitanda, akaingiza mkono hadi kwenye kona, akabonyeza kwa dole gumba polepole, sentimita chache chache, na mahali fulani akasita na kunitaka nami nibonyeze. Ukuta uliitikia ulaini mdogo ambao jicho lisingeuona. Tulipanda ngazi nje tukakuta, pembeni mwa taa ndogo ya mbele, gundi ya kuzibia imepasuka kwa ufa mwembamba kama unywele. Tangu hapo, kila baada ya miezi michache hupita na dole gumba katika kona zote, nikinusa harufu ya uvundo na kutafuta mahali karatasi ya ukuta imevimba. Ziba kwa gundi inayokubaliana na aina ya paa lako, usipake silikoni ya kawaida juu ya nyufa, kwa kuwa mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote kushika baadaye.

Tangi la choo linahitaji maelezo mafupi tu. Bomba lake libaki limefungwa mpaka tangi lifike kama theluthi mbili, tumia maji mengi, na umwage tangi la choo kwanza ili maji ya sinki na ya kuogea yasafishe bomba baadaye. Vaa glavu. Bomba la maji ya kunywa lisikaribie kabisa mahali pa kumwagia.

Kuhusu gesi na hewa yenye sumu, sina subira na uzembe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, ndiyo maana king'amuzi chake huwekwa chini. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na moshi wa jenereta lako unaweza kuingia kwenye dirisha la jirani aliyelala. Kabla ya kuliwasha, tazama bomba lake la moshi linaelekea kwa nani. Ving'amuzi vyenyewe huisha muda wake. Tarehe mara nyingi imeandikwa nyuma ya kifaa.

Ushirika huu una historia ndefu. Uingereza klabu ya wenye karavani ilianzishwa mwaka 1907, na mwaka 1919, huko Tampa, Florida, wasafiri walianzisha chama cha Tin Can Tourists, ambao walitambuana barabarani kwa kopo la bati lililofungwa kwenye kifuniko cha rejeta. Aliyeona kopo hilo kwenye gari lililoharibika alijua anapaswa kusimama. Miaka arobaini baadaye, Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya kutengeneza trela ya Airstream, aliongoza msafara wa trela kutoka Cape Town hadi Cairo, safari iliyoanza mwaka 1959 na kumalizika mwaka 1960, na katika barabara zenye matope wasafiri hao walitegemea kuvutana wao kwa wao. Hakuna gereji ambayo ingewafikia kule.

Nasi tunaweza kuwa na kopo letu kwa kushika mambo machache. Usiguse kitu cha mwenzako bila kumwomba ruhusa, na mfumo wake wa gesi usiufungue hata akikuomba, isipokuwa kama ni fani yako. Ukiona tairi la jirani limepasuka ubavuni, mwambie kabla hajaondoka, naye akiwa peke yake, kwa sauti ya chini. Beba fyuzi za ziada, mpira wa akiba wa kuzuia maji kwenye maungio ya bomba, na adapta ya umeme ya pili, kwa maana hivyo ndivyo vinavyoazimwa zaidi. Na mgeni akikuuliza aanzie wapi, mpe nakala ya orodha yako ya hatua za kuunganisha, mwambie aisome kwa sauti kila mara akigusa kila kitu kinachotajwa, na akikatizwa aianze upya kutoka mstari wa kwanza.