Risiti za ATM zilipofutika, nilianza kuandika kwa mkono

Baba alipopata kiharusi, sisi watoto wanne tulikubaliana kila mmoja atume fungu lake kila mwezi. Mimi ndiye niliyebaki Kisumu, kwa hiyo kazi yangu ikawa kutoa pesa na kulipa mlezi, mazoezi ya viungo, dawa na nepi. Nilifungua akaunti ya kazi hiyo tu. Kila nilipotoa pesa kwenye ATM nilichukua risiti, nikaikunja na kuitia kwenye faili ya plastiki juu ya kabati. Nilidhani hesabu nimeiweka.

Mwaka haukuisha kabla kaka mkubwa hajaja kutoka Mombasa na kuomba kuona pesa zilivyotoka. Nikashusha faili. Risiti za karibuni zilisomeka kwa shida, lakini za mwanzo zilikuwa nyeupe pe. Akazigeuzageuza, akaziinua dirishani, kisha akasema kwa upole, "Dada, hizi ni karatasi tupu." Hakunishutumu hata kidogo. Bado usiku ule sikulala. Pesa za Baba zilikuwa zimepita mikononi mwangu nami sina cha kuonyesha.

Asubuhi nilizikimbiza zile zilizosomeka kwenye duka la fotokopi nikaomba zitiwe laminesheni, yaani zifunikwe kwa plastiki, nikiamini ndiyo njia ya kuziokoa. Kijana wa zamu alipitisha moja. Ikatoka nyeusi ti, kama mkaa. Mwenye duka akaja mbio kuzima mashine, akanieleza jambo ambalo natamani ningelijua tangu mwanzo. Mashine ya risiti haitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kichwa cha mashine huichoma kidogokidogo kwa umbo la herufi. Ndiyo maana ukiikwaruza haraka kwa ukucha huacha alama nyeusi, na ndiyo maana laminesheni, ambayo ni joto tupu, iliichoma yote.

Mwanga wa jua, mafuta ya vidole, sanitaiza na gundi ya selotepu huyafifisha maandishi hayo. Hata plastiki laini ya faili hutoa kemikali zinazoyala polepole. Nami nilikuwa nimeziweka ndani ya plastiki, juu ya kabati, chini ya mabati, katika joto la Kisumu!

Benki ilinipa taarifa ya akaunti, ikaonyesha kila kiasi na tarehe. Ilisaidia, lakini nusu tu. Taarifa ya benki inajua pesa zilitoka, haijui zilikwenda kwa nani.

Basi nikanunua kaunta buku. Kabla ya kuandika chochote niliandika nambari kwenye kila ukurasa, ili mtu asiweze kusema kuna karatasi iliyochanwa. Ukurasa wa kushoto ni wa pesa zilizotoka ATM: tarehe, saa, nambari ya mashine, nambari ya muamala, tarakimu nne za mwisho za kadi, kiasi, ada na salio. Ukurasa wa kulia ni wa matumizi ya pesa zilezile, na mlezi hutia sahihi kila anapopokea mshahara. Natumia kalamu ya biki, si penseli. Nikikosea napiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, na kuandika lililo sahihi pembeni. Risiti nazo nazitoa fotokopi, sita hutosha kwenye karatasi moja, na fotokopi hudumu kwa sababu unga wake mweusi huyeyushwa ukashika karatasini. Risiti zenyewe ziko kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku, chini ya kitanda, mahali penye ubaridi.

Sharti nililojiwekea ni kuandika kabla sijafika nyumbani. Naingia mahali salama karibu na mashine, nahesabu noti, naandika. Ukingoja jioni utakumbuka kiasi na kusahau saa, na saa ina uzito wake, kama nilivyokuja kuona.

Jioni moja niliomba shilingi 15,000. Kadi ikatoka. Nikasikia noti zikihesabiwa ndani, kisha kimya, kioo kikaandika kwamba huduma haipatikani. Pesa hazikutoka wala risiti haikutoka, ila ujumbe uliingia kwenye simu kwamba 15,000 zimekatwa. Moyo ulinidunda, kwani zile zilikuwa za mlezi. Nikaandika palepale: saa kumi na mbili kasorobo, kiasi, maneno ya kioo kama yalivyo. Nambari ya mashine nilikuwa nayo tayari, kurasa chache nyuma, kwa sababu niliwahi kutoa pesa hapohapo.

Kesho yake nilijaza fomu ya malalamiko kwa kunakili kitabu changu neno kwa neno. Mama aliyenihudumia alinieleza kwamba ATM nayo ina daftari lake la ndani: zile za zamani zililichapa kwenye roli ya karatasi, siku hizi huhifadhiwa kielektroniki. Benki hulitafuta kwa nambari ya mashine na saa, kisha hulinganisha na hesabu ya noti zilizobaki. Noti zikizidi kwa kiasi kilekile, dai limethibitika. "Wengi huja wakisema ilikuwa jioni," aliniambia, "wewe umeniletea dakika."

Siku ya tisa pesa zilirudi. Nilifungua ukurasa ule, nikaandika chini yake "zimerudi" na tarehe. Krismasi kaka alipokuja, alisoma kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza, akachukua muda mrefu hapo, kisha akaomba kalamu akatia sahihi yake chini ya yangu.