Marashi yasiyo na ua wala udi

Kwangu mimi, hakuna manukato yanayoishinda Molecule 01. Ndani ya chupa hamna waridi, hamna asumini, hamna udi. Kuna kiungo kimoja tu cha maabara, Iso E Super, kilichopatikana Marekani mwaka 1973. Watengenezaji walizoea kukichanganya na vingine, hadi Mjerumani Geza Schoen alipokitia peke yake chupani mwaka 2006.

Ukijipulizia, mwanzoni waweza kudhani umeuziwa maji. Subiri ngozi ipate joto. Hapo huja harufu ya mbao kavu za mwerezi, laini, yenye pilipili kwa mbali. Inapotea, kisha inarudi ukiwa umeshaisahau. Juzi kwenye teksi ya Ntinda, hapa Kampala, mimi sikusikia chochote, ila mama aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Mwanangu, umejipaka nini? Kinanukia vizuri!"

Ni ya wake kwa waume. Kaka yangu anajipulizia, nami najipulizia, na kila mmoja ananukia kivyake. Aliyezoea udi mzito wa mtaa wa Kisenyi, ule unaotangulia mlangoni kabla ya mwenyewe, huenda asiyaelewe. Mjaribishe shingoni, si kwenye karatasi ya dukani.