Siku Tano Bombo

Jumatano tarehe 13 Januari 2021, jioni, intaneti ilizimwa Uganda nzima. Kesho yake ulikuwa uchaguzi. Mimi nilikuwa nimerudi kwa wazazi Bombo, mji ulio kaskazini ya Kampala, nimebeba kompyuta na kazi ya mteja: fomu ya kuhifadhi vyumba katika nyumba ya wageni.

Nilikuwa na miaka mitatu katika kazi ya kutengeneza tovuti, na swali lililonisumbua usiku na mchana lilikuwa moja: sasa nijifunze nini? Wenzangu wa Kampala hawakukosa kutaja React, zana ya kutengenezea kurasa za tovuti, kila tulipokutana. Wengine walinishauri nihamie upande wa seva, yaani kompyuta za mbali zinazohifadhi tovuti. Nilikwisha kuweka akiba ya kulipia kozi ya React, nianze mwezi wa pili.

Alhamisi asubuhi nikaifungua ile fomu. Kimya. Kalenda haikutokea, kitufe hakikuitika. Ilinichukua karibu nusu saa kuona sababu: jQuery yangu, msimbo ulioandikwa tayari na wengine wa kurahisisha kazi, haikuwa ndani ya kompyuta. Nilikuwa naivuta kutoka seva ya mbali kila ukurasa ulipofunguka. Miaka mitatu naitumia, na sikuwahi kuwa nayo.

Basi nikaamua kuandika kwa JavaScript tupu, lugha ya programu inayoupa ukurasa uwezo wa kutenda. Kazi yenyewe ndogo: mgeni achague siku ya kuingia na ya kutoka, ukurasa uhesabu ni usiku ngapi. Nilishaifanya mara nyingi, ila kila mara kwa kunakili jibu la mtu mwingine. Safari hii hapakuwa na wa kunakili. Nikajaribu tarehe 30 Januari hadi 2 Februari. Jibu likaja: sifuri. Nikafuta, nikaandika upya. Sifuri.

Mzee alikuwa barazani na redio yake, akisikiliza matokeo. Ni askari mstaafu. Akaniuliza, "Kijana, umeme upo, umekwama wapi?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jeshini tulifundishwa kuifungua bunduki na kuifunga gizani, kwa vidole tu. Wewe yako umeizoea kwa taa ya mwenzio."

Maneno yale yaliniingia, kwa sababu yalikuwa kweli.

Jumamosi nilikaa na kalenda ya ukutani mapajani, nikauambia ukurasa unionyeshe tarehe unazozielewa wenyewe. Zote mbili zikasoma 2 Machi. Hapo nikaelewa: JavaScript huanza kuhesabu miezi kwenye sifuri, Januari ni 0. Mwezi wa 1 nilioandika ulikuwa Februari, na kwa kuwa 30 Februari haipo, ilisukumwa mbele hadi 2 Machi. Ile ya pili nayo, mwezi wa 2, ilikuwa Machi. Nikarekebisha, nikatoa tarehe moja kwa nyingine, nikapata milisekunde, nikagawa kwa 86,400,000, milisekunde za siku moja. Tatu! Nilimwita mama jikoni aje kuona tarakimu moja tu kwenye kioo, naye akaja, akafurahi nami.

Jumatatu tarehe 18 mtandao ukarudi. Ile kozi sikuilipia. Nilifungua DevDocs, tovuti ya maelezo ya lugha za programu, nikapakua maelezo yote ya JavaScript ili yasomeke hata mtandao usipokuwepo, nikaanza ukurasa wa kwanza.

Mzee akapita nyuma yangu. "Umeshaifunga?"

"Bado, mzee. Ndiyo kwanza naifungua."