Gh ya Kiingereza na mkarafuu wa Kizimbani

Nilipoanza kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo kule Kizimbani, maneno yangu mengi ya Kiingereza nilikuwa nimeyaona kwenye karatasi tu, kuyasikia bado. Siku moja nimesimama chini ya mkarafuu, nawaeleza wageni kwamba bibi zetu hutumia karafuu kutibu "cough". Maana yake naijua, kikohozi. Lakini skuli nilifundishwa kuwa "plough" husomwa plau, na Kiswahili tumelichukua vivyo hivyo, jembe la plau. Basi nami nikatamka "kau". Mama mmoja wa makamo akaniuliza kwa upole tuna ng'ombe wangapi, na wanaumwa nini. Nikamjibu wapo wawili. Na kweli walikuwapo! Kosa nililigundua usiku kitandani, kumbe "kau" kwao ni ng'ombe, masikio yakanipata moto.

Sisi tumezoea kusoma tunachokiona. Gh ya ghali ndiyo ya ghafla, ndiyo ya lugha, haikugeuki. Nikanunua daftari, nikawa naandika kila neno la Kiingereza lenye g na h zilizofuatana. Mwanzo niliyapanga kwa sura, yote yenye "ough" ukurasa mmoja, na huo ulikuwa ujinga mtupu. "Tough", kigumu, ni taf. "Though", ingawa, ni dho. "Through", kupitia, ni thru. "Bough", tawi kubwa la mti, ni bau. "Thought", wazo, ni thoot. Sauti tano, na "cough" yangu, ambayo kumbe ni kof, haijaingia. (Afadhali dh ya dhahabu na th ya thelathini tunazo wenyewe, kuna wageni wa mataifa mengine hapo ndipo wanapokwama.)

Nikauchana ukurasa, nikapanga kwa sauti. Wa f ukawa mfupi: "laugh", kucheka; "cough"; "rough", kinachokwaruza; "tough"; na "enough", inatosha. Hayo niliyakariri kwenye daladala siku mbili. Maneno yanayoanza na gh nayo hayakunitoa jasho, maana yote husomwa kwa g tupu: "ghee", samli, ni gii. Hata "ghoul", zimwi, lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na ghayn yake kamili, yaani gh ya Kiarabu, wao wanasema gul.

Uliojaa ni ukurasa wa gh bubu: "night", usiku, "eight", nane, "daughter", binti, "bought", alinunua, "right", sahihi. Herufi zimekaa kama mikoba kwenye kiti cha daladala, hazisemi lakini nafasi zimeshika. Kusoma niliweza, kuandika ndiko kulikonishinda. Kila mara nasahau kuzitia.

Aliyenifungua ni mgeni Mjerumani, bila ya kujua. Alikuwa akihesabu karafuu kiganjani, alipofika nane akasema "acht", na kh yake imetoka kooni safi kama ya mwanafunzi wa chuo cha Kurani. Nikamwambia arudie. Nikamuuliza usiku wanauitaje, akasema "Nacht". Binti? "Tochter". Baadaye nikasoma kwamba lugha hizo mbili ni ndugu, na Waingereza wa zamani nao waliitamka sauti hiyo. Usiku waliuandika "niht". Sauti ikafa, herufi zikabaki. Mimi nikamkumbuka maalim wetu wa chuoni, alivyotutaabisha na makharij, mahali zinapotokea herufi: kha na ghayn mahali pake ni pamoja, sehemu ya koo iliyo karibu na kinywa. Kumbe anayeandika gh mahali pa kh hakuwa mwendawazimu.

Tangu hapo, nikitaka kuandika "daughter" nasema moyoni dokhta, na "night" nasema nikht. Kalamu inajua wapi pa kuweka gh. Mdomoni natamka kama wanavyotamka wao.

Hila hiyo ina mipaka. "Delight", furaha, limetoka Kifaransa na gh halikuwa nayo. Lilibandikwa kwa kuiga "light", mwanga. Na "ghost", mzuka, zamani liliandikwa bila ya h. Hiyo inahusishwa na William Caxton, aliyeanzisha uchapaji Westminster mwaka 1476 baada ya kuishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, ambako watu waliandika gh. Maneno kama hayo nimeyakariri tu, sina dawa nyengine.

Juzi mtoto wa dada yangu kaja na kitabu chake cha skuli.

"Mjomba, hili nalo ni kof?"

Nikatazama: "hiccough", kwikwi. Nikamwambia hapana, hilo husomwa hikap. Kuna watu zamani walidhani kwikwi ni namna ya kikohozi, wakaliandika hivyo, na siku hizi wengi wanaandika "hiccup". Akanitazama usoni kuona kama namtania. Kisha akachukua kitabu chake, akaenda jikoni kumuuliza mamake.