Wazee wa Noisy-le-Grand

Jumamosi asubuhi nilipanda treni ya RER A kutoka katikati ya Paris hadi kitongoji cha Noisy-le-Grand, na kilichonipeleka ni picha moja tu. Mpiga picha Mfaransa, Laurent Kronental, aliipiga pale Espaces d'Abraxas, majumba makubwa ya ghorofa ya kuishi watu: mzee peke yake, amezungukwa na zege linalopanda juu kama hekalu la Kirumi. Tangu niione haijanitoka kichwani.

Kronental amezaliwa 1987, na kazi hii alijifunza mwenyewe. Kati ya 2011 na 2015 alizunguka vitongoji vya Paris, kwenye yale majumba makubwa yaliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili watu wapate pa kuishi, akawa anawapiga picha wazee wanaokaa humo. Mkusanyo wake akauita Souvenir d'un Futur, kumbukumbu ya wakati ujao. Vitongoji hivi husemwa vibaya sana, utadhani hakuna mtu aliyewahi kulea watoto humo akazeekea humo humo.

Ninachokipenda zaidi ni kamera yake. Ni ile kubwa ya filamu, inchi 4 kwa 5, inayosimama juu ya miguu mitatu. Mpigaji anajifunika kitambaa cheusi, na kwenye kioo cha nyuma anamwona mtu miguu juu, kichwa chini. Anasogeza lenzi taratibu mpaka sura itulie, ndipo anachomeka kipande cha filamu. Kipande kimoja, picha moja. Muda wote huo mzee ametulia anamngoja. Kwa chombo kile humwibii mtu picha. Lazima muwe mmeshazoeana, mmepiga soga. Naamini ndiyo maana nyuso zile zimetulia vile.

Baadaye alirudi Nanterre, kitongoji kingine cha Paris, kwenye minara 18 ya makazi iliyosanifiwa na Émile Aillaud, yenye madirisha ya duara, ya mraba na ya umbo la tone la maji. Safari hii alipiga akiwa ndani ya nyumba za watu, dirisha likiwa jicho la kutazamia mji.

Abraxas ni kazi ya msanifu majengo Ricardo Bofill, ilikamilika 1983. Nilipofika niligusa ukuta: zege lina wekundu kwa mbali, linakwaruza kiganja, na mvua imelichora michirizi myeusi. Nilikuwa nimeshatoa simu nipige picha, akapita bibi mmoja anavuta kikapu cha magurudumu. Nikairudisha mfukoni, nikamwamkia. Akasimama. Akaniambia amehamia pale wanawe wakiwa wadogo, akaninyooshea kidole dirisha lake. Sikuliona. Akaweka kikapu chini, akanihesabia ghorofa kutoka chini, moja moja, nami nikimfuatisha, mpaka nikaliona: lile lenye pazia la njano.