Nimepeleka mgongo Kerala, nikaulizwa habari za choo

Maskati nzima ina dawa ya mgongo. Lala sakafuni. Mpandishe mtoto akukanyage. Paka mafuta ya nyonyo usiku, asubuhi usioge. Mimi ni dereva wa teksi, na kila abiria akiniona nashuka garini nimeng'ang'ania mlango, basi naye ana lake la kunifundisha. Wamenichosha, ndiyo maana naandika.

Aliyenikomesha ni shemeji yangu. Aliwahi kumpeleka mama yake Kerala, kusini mwa India, akaona wanavyomzungushia mgonjwa ukuta wa unga kiunoni na kumimina mafuta ya moto ndani yake. Wenyewe wanaiita kati basti. "Shem, hii kazi ya jikoni tu, tunaifanya hapahapa." Akakanda unga wa chapati, akanilaza kifudifudi juu ya zulia la mama mkwe, akanijengea kisima changu, akamimina mafuta ya ufuta. Mwanzo raha tupu. Kisha unga ukalainika, mafuta yakapata upenyo upande wa kulia, yakanishuka mbavuni. Nikasema yanavuja. Akasema, "Usitikisike, Shem, ndiyo yanafanya kazi." Akaleta unga mwingine kuziba, akaukandamiza kwa viganja. Sasa mimi ni mtu wa nywele mgongoni. Mama watoto alinibandua kipande baada ya kipande, na mimi najikaza mbele ya wanangu. Zulia lilinuka ufuta mpaka Idi.

Basi nikajichanga. Zilinitoka riali mia tatu na ushee, tiketi mbali. Nilikwenda msimu wa mvua, mwezi wao wa Karkidakam unaoanza katikati ya Julai, maana wao huuona ndio wakati mzuri wa matibabu. Kituo chenyewe kidogo, karibu na Kottakkal, mji ambao tabibu P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala, kituo cha tiba ya jadi, mwaka 1902. Wakalimani wa Kiarabu wapo, Waomani ni wateja wao wa siku nyingi.

Nikamwekea tabibu picha zangu za MRI mezani: diski imetokeza kati ya pingili za kiunoni, L4 na L5. Akazitazama, akauliza kama nina ganzi katikati ya mapaja au mkojo unanitoka bila kujua. Ingekuwa hivyo, alisema, angenipeleka kwa daktari wa upasuaji siku ileile. Nikajibu hapana. Akaziweka kando. Unakwenda choo mara ngapi? Unakula saa ngapi? Mkojo unauzuia? Nilikasirika, wallahi. Nimevuka bahari na mgongo, huyu ananiuliza choo.

Kumbe ndiko dawa yao inakoanzia. Kwa Ayurveda, tiba hiyo ya jadi ya India, kila kinachokwenda mwilini kinaendeshwa na vata, yaani upepo, na upepo huo ni mkavu, baridi, hautulii. Makao yake makuu ni utumbo mpana, lakini kiuno, mapaja na mifupa pia ni vyake. Ukichafuka tumboni, hukohuko ndiko unakolipia. Na kinachouchafua? Kukesha, kula ovyo, baridi, na kuzuia haja. Charaka, kitabu chao cha kale, kinataja haja 13 zisizofaa kuzuiwa, mkojo na choo zikiwemo, hata chafya na miayo. Nikabaki kimya. Ile ni ratiba yangu ya kazi!

Kwa hiyo siku za mwanzo kisima cha unga sikukiona. Nilikandwa mafuta, nikatolewa jasho, nikalishwa chakula cha moto kwa saa maalumu, kisha zikaja enema za mafuta na za dawa zilizochemshwa. Hizo sizisimulii, mama yangu anasoma.

Kati basti ilipofika, nilimchungulia mkandaji kama mwizi. Kwanza alininyoa mgongo. Unga wake ni wa choroko nyeusi, unanata balaa, naye aliukanda mgumu. Akaubandika, akapitisha kidole kilicholoa maji kuzunguka ukingo wa ndani, mshono wote ukazibika. Mafuta yakipoa, anayanyonya kwa pamba, anakamua, anamimina mengine ya moto. Tone halikuvuja.

Nilirudi natembea wima. Mpwa wangu, mwanafunzi wa udaktari, anasema maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe baada ya wiki kadhaa, na mimi wiki hizo sikushika usukani. Huenda. Simbishii. Ila vidonge vya madukani vya jina la Ayurveda nimeacha kununua: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, Marekani, wakakuta 14 zina madini yenye sumu: risasi, zebaki au arseniki.

Pochi nayo imehamia mfuko wa mbele. Ilivyojaa risiti, ilikuwa inaniinua upande mmoja kutwa nzima. AC hainipigi tena kiunoni. Na kutoka Seeb mpaka Ruwi hakuna choo cha msikiti nisichokijua. Abiria akiwa na haraka, asubiri.